Kasongo–Kabambare: Dawa ya choo si karanga

Katika masoko ya kusini mwa Maniema, vidonge vya kulainisha choo vinauzwa kimoja-kimoja, bila boksi wala karatasi ya maelezo, kama karanga za kipimo. Mama aliyehama vita anakula ugali wa muhogo bila mboga, na anapunguza kunywa sababu kisima kiko mbali. Siku mbili hajapata choo. Muuzaji haulizi kitu: anahesabu vidonge vinne, anapokea franka. Biashara ya namna hiyo ni ya kukemewa.

Kwanza, kukosa choo siku mbili si ugonjwa. Kuna wenye afya nzuri wanaoenda mara tatu tu kwa juma. Dawa ya mwanzo ni maji ya kutosha, papai, sombe, maharagi na kutembea. Wanaohubiri kwamba tumbo lazima lisafishwe kila mwezi wanadanganya watu.

Pili, dawa ina kipimo. Kwa bisacodyl, mtu mzima anaanza na kidonge kimoja cha miligramu 5 usiku, anakimeza kizima kwa maji, si kwa maziwa. Kinafanya kazi baada ya saa 6 hadi 12. Anayeongeza kingine baada ya saa mbili anajitafutia kuharisha na kuishiwa maji mwilini. Choo kisipotengemaa kwa juma moja, aende kwa muuguzi. Mtoto na mama mwenye mimba wasipewe bila muuguzi kukubali.

Tatu, na hili ndilo linaloua: tumbo linauma sana, limevimba, mgonjwa anatapika, ana homa, hatoi hata upepo. Pengine utumbo umejifunga, au umetoboka kwa tifoidi. Hapo kidonge, au maji ya mizizi ya kuingiza nyuma, yanaweza kummaliza. Apelekwe kituo cha afya mara moja, hata usiku.

Watajibu kwamba kituo kiko mbali na matibabu yanalipwa. Ni kweli, na viongozi wana deni hilo kwa wakaaji na kwa waliohama. Lakini kuuliza hakulipwi: Nani atameza? Tumbo linauma? Anatapika? Miaka ya 1970, Kasongo ilijulikana hadi Ulaya kwa vituo vyake vya afya vilivyo karibu na wakaaji. Leo ni haya afya ya watu hao kupimwa kwa kopo sokoni. Muuzaji asiyetaka kuuliza maulizo hayo matatu aache dawa, auze karanga.