Wembe Usiwe Ule Ule

Mashabiki wa mpira jijini Dar es Salaam, timu yao inapomfunga mpinzani kwa mara ya pili, husema, "Wembe ni ule ule." Uwanjani hayo ni majigambo. Kwenye kiti cha kinyozi ni habari mbaya, na yafaa isemwe waziwazi wakati huu ambapo wembe wa kukunja, ule wa mababu wenye mpini na ubapa mrefu wa chuma, unawavutia tena vijana wanaotaka kujifunza kunyoa ndevu zao wenyewe.

Anayetoka Upanga kwa Barabara ya Umoja wa Mataifa hadi Fire, kisha akavuka Barabara ya Morogoro, huingia Kariakoo, ambako saluni za kiume zimepangana mtaa hadi mtaa. Kazi kubwa humo hufanywa na mashine ya umeme. Wembe huja mwishoni, kuchonga paji la uso, mashavu na kisogo. Mara nyingi kile kinachoitwa wembe wa kinyozi ni kishikio tu, kinachopachikwa nusu ya wembe wa kawaida uliovunjwa katikati. Wembe halisi wa kukunja hufanana nacho kwa umbo, ila ubapa wake haubadilishwi: hunolewa, ukatumika miaka na miaka. Wanaoanza huvichanganya vitu hivi viwili, na kuvichanganya huko kuna gharama.

Kishikio kina kanuni moja isiyohitaji mjadala. Kila mteja awe na wembe mpya, na karatasi yake ifunguliwe mbele ya macho yake. Mteja anayeuliza hamkosei adabu kinyozi. Wembe wa kunolewa, kwa upande wake, haustahili kuhama kutoka uso mmoja hadi mwingine. Chuma chake cha kaboni hushika kutu kikilowekwa kwenye maji ya jiki, nao mpini wake una maungio ambamo damu na povu hujificha. Kuufuta kwa kitambaa chenye spiriti bila kwanza kuuosha kwa sabuni hakutoshi, na kuupitisha juu ya moto wa kiberiti ni kujifariji tu. Virusi vya homa ya ini aina B vinaweza kuishi juu ya kitu kikavu kwa siku 7 au zaidi, vikiwa bado na uwezo wa kuambukiza. Chanjo yake iliingizwa katika ratiba ya watoto wachanga nchini Tanzania mwaka 2002. Kwa hiyo mwanamume aliyezaliwa kabla ya hapo, kama hakuchanjwa ukubwani, hana kinga ya kutegemea. VVU hufa haraka zaidi damu inapokauka, lakini kati ya mteja anayeinuka na mteja anayeketi damu haina muda wa kukauka.

Basi wembe wa kukunja uwe wa nani? Uwe wa mtu mmoja, nyumbani kwake. Hata kaka na mdogo wake wasiuchangie. Kwa matumizi hayo una faida ambayo wataalamu wa ngozi hawana budi kuikubali. Nywele za Waafrika wengi zimejisokota, na ndevu iliyokatwa chini mno hurudi ikapenya ngozi kabla ya kutoka, au hutoka ikajikunja na kuchoma upya. Mwili huipokea kama mwiba: kipele, muwasho, wakati mwingine usaha, na baadaye doa jeusi. Nyembe za plastiki zenye makali mawili au matatu huzidisha shida hiyo, kwa kuwa kali la kwanza huvuta unywele na la pili huukata, kisha unywele hurudi chini ya ngozi. Kali moja, likishikwa kwa wepesi, hukata karibu na uso wa ngozi. Hata hivyo, kwa mwenye vipele vingi, mashine inayoacha ndevu fupi za kama milimita moja bado ni salama kuliko wembe wa aina yoyote.

Wapo wasiofaa kuanza kabisa. Mwenye historia ya makovu manene yanayoota na kupita mipaka ya jeraha hapaswi kujifunzia kwenye kidevu chake. Mwenye vinundu vigumu vya kisogoni aache wembe sehemu hiyo, na hata mashine isikatwe chini sana. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa asubiri. Wagonjwa waliowekewa vali bandia za moyo, ambao wengi huonekana wakienda na kurudi kliniki katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete hapo Upanga, hutumia warfarini. Kwao mkato ambao kwa mwingine ungekoma kwa dakika mbili unaweza kuendelea kutoa damu kwa muda mrefu.

Anayebaki na ruhusa ya kuanza akumbuke methali ya kumwona mwenzio akinyolewa nawe ukatia maji. Wahenga walikuwa wakisema juu ya tahadhari, lakini walijua pia kunyoa: unywele uliolowa kwa dakika mbili tatu hulainika na kukatika kwa nguvu ndogo. Kunyoa kukavu, kama kunavyofanywa katika saluni nyingi kwa haraka ya foleni, ni kuikwaruza ngozi. Maji ya uvuguvugu, sabuni, povu zito. Wembe upitishwe kwanza kwenye mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma, mara 30 hivi. Kinoo huhitajika kwa nadra, na anayeanza afadhali ampe fundi. Mkono mmoja uvute ngozi ikaze, mwingine ushike wembe kwa mlalo wa nyuzi 30 hivi, ukifuata uelekeo wa ndevu bila kukandamiza. Wiki mbili za kwanza ziishie mashavuni. Shingoni ndevu huota kwa mielekeo tofauti na ndiko vipele hupenda kukaa. Mdomo wa juu na kidevu vina mikunjo. Hamu ya kupata uso laini kama wa mtoto siku ya kwanza ndiyo inayowapeleka watu kliniki.

Damu ikitoka, kitambaa safi kikandamizwe bila kufunuafunua. Shabu inayouzwa Kariakoo husaidia, maana hubana ngozi na kuzuia damu. Lakini lile bonge moja la shabu linalokaa kwenye meza ya kinyozi na kupakwa kila aliyekatwa hukusanya damu za watu wote wa siku hiyo, na hakuna anayelishuku.

Wahudumu wa afya nao wana deni. Kijana hurudi mara tatu na vipele vya kidevu, akapewa dawa za kuua bakteria, akapewa krimu ya steroidi ambayo baadaye huinunua mwenyewe hadi ngozi ikawa nyembamba, na katika ziara zote tatu hakuna aliyemuuliza anyoa kwa nini, wapi, na kwa wembe wa nani. Swali hilo halichukui hata dakika moja. Kama ni mlinzi au mfanyakazi wa hoteli anayeamriwa kunyoa kila siku, barua ya daktari ya kumruhusu kubaki na ndevu fupi ni tiba kuliko krimu ya tatu. Wodini nako mazoea ya kumnyoa mgonjwa kwa wembe kabla ya upasuaji hayajaisha, ingawa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unayakataa: nywele ziachwe, au zikilazimu ziondolewe kwa mashine, kwa sababu mikato midogo isiyoonekana hufungulia vijidudu mlango.

Kwa wanaotumia kishikio nyumbani, nyembe zilizotumika zisitupwe wazi kwenye mfuko wa taka. Mzoa taka huuinua mfuko huo kwa mikono mitupu. Chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, iliyowekwa juu mbali na watoto, hukusanya nyembe za miezi mingi, na ikijaa hufungwa kabisa kabla ya kutolewa.