Ugonjwa si Hukumu ya Dhambi

Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, kuanzia Aprili 2023. Wengi wa waumini wale walikuwa wamejinyima chakula wakitumaini kukutana na Mwokozi. Lakini si lazima mtu afike msituni ndipo apotoshwe. Katika mabweni na majumbani mwetu, mwanafunzi mwenye kifafa huambiwa kwamba anaugua kwa kuwa ametenda dhambi, na kwamba akimeza vidonge atakuwa amepungukiwa na imani.

Mafundisho ya aina hiyo hayana msingi katika Biblia. Injili ya Yohana, sura ya 9, yasimulia jinsi wanafunzi wa Yesu walivyomwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakauliza ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Yesu alikana yote mawili. Paulo naye aliomba mara tatu aondolewe mwiba mwilini, wala haukuondolewa. Nani atathubutu kusema Paulo hakuwa na imani? Isitoshe, mwandamani wake Luka alikuwa tabibu.

Hatusemi kwamba dhambi ni jambo dogo. Kwa Mkristo, dhambi ni maradhi ya roho, nayo humtenga mtu na Mungu na jirani yake. Mwalimu anayefuja karo na mwanafunzi anayeiba mtihani huenda hawaumwi popote, lakini ni wagonjwa. Tiba yao ni toba. Yule mwenye kupooza wa Kapernaumu alisamehewa kwanza, ndipo akaamriwa ainuke. Wafuasi wa uamsho uliotufikia katika miaka ya 1930 kutoka Rwanda na Uganda walilielewa jambo hili: aliyeungama alitarajiwa kurudisha alichoiba na kupatana na aliyemkosea. Kupona kwa roho kulidhihirika kwa matendo.

Waraka wa Yakobo waagiza mgonjwa aombewe na kupakwa mafuta, lakini haumkatazi kutibiwa. Wamisionari wa Kiskoti walioanzisha hospitali za Kikuyu, Tumutumu na Chogoria walihubiri na kutibu, wasione mgongano wowote. Shirika la Afya Duniani nalo laeleza kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata tiba ifaayo. Kumnyima mtoto tiba hiyo kwa jina la Mungu ni dhambi, na dhambi hiyo ni ya mtu mzima aliyemnyima.

Twawasihi walimu, hasa wa somo la dini, wawafunze wanafunzi tofauti hii waziwazi. Mwenzao akianguka darasani, wamwondolee vitu vya kumdhuru, wamlaze kwa ubavu, na baadaye afikishwe hospitalini. Maombi yaandamane na hayo yote. La kumuuliza alitenda dhambi gani lisisikike kamwe shuleni.