Chuo Kikuu Kipime Hewa Kabla ya Vitanda

Iwapo mwanao anasoma chuo kikuu hapa Nairobi na amepanga chumba Pipeline, Umoja au Kayole kwa kukosa bweni, muulize: dirisha lake linatazama wapi? Mara nyingi linatazama ukuta wa ploti ya jirani.

Mwaka 1990 vyuo vyetu vikuu vilipokea kwa pamoja wanafunzi wa mwisho wa kidato cha sita na wale wa kwanza wa 8-4-4. Idadi ikapanda ghafla, majengo yakabaki nyuma. Tangu hapo tumezoea kuhesabu vitanda na viti, hewa hatuihesabu.

Kifua kikuu husafiri hewani. Mgonjwa akikohoa ndani ya chumba kilichofungwa, viini huweza kuelea kwa saa kadhaa. Madirisha mawili yaliyoelekeana huvitoa nje, na jua huviua. Hakuna mtambo unaohitajika hapo. Lakini mchoro ukishapitishwa bila madirisha hayo (na wajenzi wetu wanajua kubana kila futi), kubomoa ukuta ni ghali. Kwa anayeugua, dawa ni za miezi 6 kwa kawaida, na mitihani haimsubiri.

Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya wanatarajiwa kumaliza Gredi ya 12 mwaka 2028. Mabweni na kumbi zao zichorwe sasa, daktari akiwa mezani pamoja na mhandisi. Nawe mzazi, ukienda chuoni usitosheke na lango na bustani. Ingia bwenini, ufungue dirisha. Lisipofunguka, muulize msimamizi sababu.