Karieri inapigwa sondaji kwanza, juu ya nini kalibu ya plastiki hapana?

Geuzeni kaske yenu muangalie ndani. Karibu na ukingo mutaona maandishi madogo: ABS ao HDPE, ni kusema jina la plastiki, na mara nyingi kiduara chenye mushale wa kuonyesha mwezi na mwaka. Hakuna mutu aliyepiga muhuri pale nyuma. Vilichongwa mu kalibu, ile wafyatuaji wa matofari wanaita mule, na vikazaliwa pamoja na kaske. Tunaanzia pale juu watu wengi wa mine wanavaa kile kitu kila siku ya kazi, na bado hawajauliza ginsi kinatengenezwa. Na sasa, kila pahali watu wanaongea juu ya kufungua kazi za plastiki kwetu ili vijana wasingojee paka mine, tunasikia sentensi moja tu: tununue mashini.

Mashini si shida. Punje za plastiki, kama muchele, zinaingia mu bomba la moto. Skrubu kubwa inazunguka, inaziyeyusha, kiisha inasukuma ule uji wa digrii 200 na zaidi mu kalibu iliyofungwa kwa nguvu ya tani mingi. Uji unapoa, kalibu inafunguka, kitu kinaanguka. Beseni, kiti, kasha la bia, kifuniko cha bidon, vyote njia ni ile moja. (Bidon yenyewe inapulizwa kama kibofu, ile ni kazi ingine.) Mwenye franga anaweza kupata mashini, mupya ao ya mukono wa pili. Shida njo kalibu. Ni chuma kigumu chenye kuchongwa pole pole, na kwa kitu kama kaske bei inaweza kufika makumi ya maelfu ya dola. Chuma kikisha kukatwa vibaya, kimekatwa.

Na kukata vibaya ni rahisi. Uji wa plastiki ukikuta kizuizi mu kalibu, unagawanyika kama muto mbele ya jiwe, kiisha unakutana tena nyuma yake. Lakini maji ya muto yanachanganyika. Plastiki inafika pale imeanza kupoa, na mikono miwili inashikana juu juu tu. Inabakia mushono mwembamba kama unywele, na pale njo pahali pa kupasuka kwanza. Kaske yenye matundu ya hewa iko na mushono nyuma ya kila tundu. Uji ukiingilia pembeni, utazunguka na kukutana upande wa pili, pengine pahali unahitaji nguvu kupita pengine pote. Ukiingilia utosini, unashuka pande zote sawasawa. Ni kwa ile sababu kaske mingi ziko na kidoti pale juu katikati. Kanuni ya Ulaya EN 397 inaomba chuma cha kilo 5 kiangushwe juu ya kaske toka metre 1, na nguvu yenye kufika ku kichwa isipite kilonewton 5. Mu soko, kaske yenye mushono mubaya inangaa sawa ile ingine.

Tena plastiki ikipoa inapunguka. ABS inapunguka karibu nusu ya 1 kwa 100; polietileni inapunguka 2 kwa 100, hata zaidi. Mu beseni ya sentimetre 50, ile 2 kwa 100 ni sentimetre 1 nzima. Basi mutu anayenunua kalibu ya mukono wa pili iliyokatwa kwa ABS, kiisha anatia polietileni juu bei yake ni ndogo, atashangaa kuona vifuniko havifungi na mikanda ya kaske haishiki. Wazee wa fonderi, kama wale wa Ateliers Centraux de Panda kule Likasi, hawatashangaa. Mufundi wa modeli iko na rula yake, ndefu kidogo kupita rula ya duka, juu chuma pia kinapunguka kikipoa.

Lakini uji wa plastiki hauhesabiwe na rula peke yake. Mu 1978, kule Melbourne, Australia, Colin Austin alianzisha kampuni Moldflow kwa kazi moja: kuhesabu mu ordinateri ginsi plastiki itatembea mbele ya kukata chuma. Mu 2008 kampuni kubwa ya Marekani, Autodesk, ikainunua. Taiwan nao wako na yao, Moldex3D. Unachora kitu chako. Programu inakigawanya vipande vidogo maelfu na maelfu, na kwa kila kipande inahesabu moto, nguvu na mwendo wa uji. Ku ekra unaona plastiki ikiingia, pahali mikono inakutana, pahali moto unabakia, upande gani kitu kitapindika. Haikupendeze? Unahamisha mulango wa kuingilia, unahesabu tena. Umepoteza usiku mumoja wa ordinateri, haukupoteza chuma.

Kwa watu wa mine hii habari haiko ngeni. Mu mine kubwa za Kolwezi na Fungurume, hakuna mutu anafungua karieri kwa kubahatisha. Wanapiga sondaji, wanatoa karoti, geologi anagawanya mulima mu vipande mu ordinateri na kuandika teneri ya kila kipande, injenieri anahesabu ukuta usimame ginsi gani. Na wenye kuchimba bila hesabu, kila familia ya huku inajua majina ya wale udongo uliwaangukia. Juu ya nini basi tukitoka mu mine kwenda ku kiwanda tunasahau yote?

Tuseme pia programu haina akili. Inahesabu paka kile umeipatia. Plastiki ya kukusanya mu mitaa, iliyosagwa na kuchanganywa, haitembei sawa ile ya mufuko mupya, na ukiiandika vibaya programu itakupatia picha nzuri ya uongo. Kwa ile sababu inaombwa mutu: mushauri mwenye kusoma hesabu na mwenye kusimama pembeni ya mashini mpaka mukono ukaungua. Mwenye kiwanda atamuambia: ongeza unene, kitu kiwe nguvu. Mushauri atakataa. Unene mara mbili, kupoa kunaomba wakati karibu mara ine, na mara nyingi kupoa kunakula zaidi ya nusu ya wakati wa mashini. Atatia mbavu nyembamba chini, kitu kitasimama vizuri, na umeme utaliwa kidogo. Na pale moto unakataa kutoka, atatia ndani ya kalibu kipande cha mchanganyiko wa shaba, juu shaba safi inapitisha moto zaidi ya mara kumi kupita chuma cha kalibu. Shaba yetu tunaitoa kila siku. Beseni njo inarudi. Shaba inabakia mu kalibu za wengine.

Pesa iko. Sheria ya mine ya 2018 inaomba kila kampuni itoe kwa uchache 0,3 kwa 100 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa karibu na mine, na wajumbe wa wale watu wanakaa mu kamati yenye kuichunga. Sisi tunaomba hivi: mbele ya mashini, ile pesa ilipe chumba kimoja cha ma ordinateri ku Polytechnique ya Université de Lubumbashi, walimu wawili ao watatu, na wazee wa fonderi waitwe kufundisha pamoja nao. Kuanza kunaweza kuwa kwa OpenFOAM, programu ya bure, ambayo watu wamekwisha kujengea hesabu ya kusukuma plastiki mu kalibu.

Wako wenye kutuambia: watoto hawakule ordinateri. Ni kweli, na tumesikia ile neno mu kinywa cha mama wenye njaa kabisa, hatuwachekee. Lakini kalibu mubaya pia haikuliwe, na deni yake inalipwa na wale wale. Mushauri mumoja anaweza kusaidia viwanda kumi, na hata yule anayeagiza kalibu China. Huyu iko na haki ya kuomba ripoti ya hesabu, yenye kuonyesha mishono iko wapi, mbele ya kutuma nusu ya pili ya pesa. Fundi wa kule wa kweli anaitoa bila kelele. Akikataa, pesa ibakie.

Kwa wajumbe wetu mu kamati ya 0,3, siku wataletewa karatasi ya kununua mashini, swali la kuuliza mbele ya kutia sahihi ni hili: kalibu nani aliihesabu, kwa plastiki gani, na hesabu yake iko wapi?