Printa ni ya nyumba, si ya laptopu ya buda

Niseme wazi, na wa kukasirika akasirike: kama kwenu kuna printa na bado unatuma CV yako kwa WhatsApp ya saiba, nyinyi hamna printa. Mna pambo la mezani.

Mnaijua hii hali. Printa imechomekwa kwa laptopu ya Windows ya buda na waya wa USB. Sista ana MacBook. Broo anasomea kompyuta, anatumia Ubuntu. Wewe una simu ya Android. Wote mko Wi-Fi moja, lakini wa kuprinti ni buda peke yake. Akisafiri na laptopu, ni kama printa pia imesafiri.

Ukiuliza kwa nini, unaambiwa eti Windows, Mac na Linux hazipatani. Hiyo ni uongo, wasee. Tangu 1999 kuna lugha moja ya kuprinti kupitia mtandao, inaitwa IPP. Mac na Linux zote zinaprinti kwa programu moja, CUPS. AirPrint ya Apple, iliyokuja 2010, imejengwa juu ya IPP. Mwaka 2013 Canon, HP, Samsung na Xerox, washindani kabisa, walianzisha Mopria ili simu na printa zielewane. Mwaka wa 2023 nao, Microsoft wakatangaza wanaanza kuachana na draiva za kila kampuni, Windows itegemee IPP. Mashine zilishapatana. Ni sisi tumebaki nyuma.

Dawa ni rahisi. Kama printa yako ina Wi-Fi, chomoa huo waya, iunganishe na ruta. Kila kifaa kitaiona chenyewe. Kama ni ya USB pekee, tafuta ile kompyuta nzee imekaa chini ya kitanda, weka Linux na CUPS, chomeka printa hapo, washa sharing. Sasa nyumba nzima inaprinti, simu pia. Na bundle zikiisha, printa haijali, kwa sababu kazi haitoki nje ya nyumba.

Najua kuna mtu atasema, "Saiba ni shilingi kumi tu, stress ya nini?" Sina ubaya na watu wa saiba, wametubeba sana. Lakini hesabu vizuri. Hulipi kumi tu. Unaacha kopi ya kitambulisho, PIN ya KRA na payslip ya mathe kwa kompyuta ambayo wageni wanaingia na kutoka mchana kutwa. Ndiyo, tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Lakini sheria haitakuja kufungua folda ya Downloads ikufutie faili.

Na kampuni za printa nazo zisijifiche nyuma yetu. Unanunua mashine kwa pesa yako, halafu inakwambia pakua app, fungua akaunti, ingia na imeli. Akaunti ya nini, na karatasi inatoka chumba kimoja kwenda kingine? Waliotegemea Google Cloud Print waliona mwisho wake: 31 Desemba 2020 Google walizima, ikaisha hivyo. Kitu chako kikikaa kwa seva ya mtu, siku akichoka nawe umechoka.

Kwa hivyo ukienda dukani, usidanganywe na bei ya chini ya ile ya USB pekee. Uliza maswali mawili: Ina AirPrint au Mopria? Inaprinti bila akaunti? Muuzaji akianza kuzunguka, rudisha pesa mfukoni, nenda duka lingine.

Na kama printa iko tayari nyumbani, usingoje ruhusa. Mwambie buda kwa heshima kwamba hiyo mashine ni ya familia, kisha iunganishe na ruta leo jioni. Ukiwa na sababu ya kunipinga, leta. Ila usiniambie hazipatani.