Kikulacho Ki Nguoni Mwetu: Jinsi Jamhuri Changa Ilivyovuliwa Katiba

Ndugu wananchi wa Tiwi, Diani, Msambweni na Kwale nzima,

Kila tarehe 12 Desemba tunasimuliwa hadithi ile ile majukwaani: mkoloni alikuja, akatunyanyasa, akafukuzwa, tukawa Jamhuri. Hadithi hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni uongo uliovaa kanzu. Nusu inayofichwa ni kwamba Jamhuri yetu haikuporwa na mgeni. Ilivuliwa nguo moja baada ya nyingine, mchana kweupe, bungeni, kwa kura za watu tuliowachagua sisi wenyewe. Atafutaye dawa sharti aujue ugonjwa. Basi leo tutazitaja nguo hizo na miaka ziliyovuliwa.

Tuanze na mkoloni, maana naye hatumsamehe. Mwaka 1895 mwambao huu wa maili kumi, uliohesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ulikabidhiwa Waingereza wautawale kwa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka. Aliyekodisha hakutuuliza, wala aliyekodi hakutuuliza. Mbaruk bin Rashid wa Gazi, hapa hapa kusini kwetu, alipotwaa silaha mwaka huo huo, Waingereza waliagiza askari kutoka India, na Aprili 1896 akalazimika kuvuka mpaka na kuingia nchi iliyotawaliwa na Wajerumani. Baada ya bunduki ikaja kalamu. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye dai la ardhi ya mwambao alilete kwa karatasi, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Mfalme. Mdigo aliyelima shamba la ukoo wake, ambaye mipaka yake ilijulikana na wazee na hati yake ilikuwa minazi aliyopanda babu yake, akageuzwa maskwota juu ya makaburi ya wazazi wake. Mali bila daftari huisha bila habari.

Huo ndio ukoloni: kuamuliwa mambo yako na mtu usiyeweza kumwondoa. Tuishike tafsiri hiyo, kwa sababu haitaji rangi ya ngozi.

Sasa tutazame ng'ambo kidogo. Wazee wetu waliijua Marekani kwa kitambaa kabla ya kuijua kwa vitabu. Sultani Said alitia saini mkataba wa biashara na nchi hiyo mwaka 1833, na wafanyabiashara wa Salem wakaleta Unguja shuka nzito za pamba zilizoenea pwani nzima kwa jina la merikani. Nchi iliyotuletea nguo hiyo nayo ilikuwa imetoka katika ukoloni wa Uingereza ule ule. Makoloni 13 yalitangaza uhuru tarehe 4 Julai 1776. Mwaka 1787 wajumbe wao walikutana Philadelphia wakaandika katiba, na mwaka 1789 George Washington akaapishwa kuwa rais wa kwanza.

Walifanya nini katika ujana wa jamhuri yao? Waliiongezea nguo. Wananchi wengi walilalamika kwamba katiba haikutaja haki zao waziwazi, na kufikia mwaka 1791 marekebisho 10 yalikuwa yamekwisha kutiwa ndani kuulinda uhuru wa kusema, wa kuabudu, wa kukusanyika na wa kuandika magazetini. Washington, ambaye angeweza kubaki mpaka kufa, aliondoka mwaka 1797 baada ya vipindi viwili. Watawala hawakugeuka malaika: mwaka 1798 walipitisha sheria ya kuwafunga waandishi walioikosoa serikali. Lakini uchaguzi wa 1800 ulikuwepo, chama cha upinzani kilikuwepo, na mwezi Machi 1801 John Adams akamwachia Thomas Jefferson madaraka bila risasi kulia.

Mgala muue na haki yake mpe. Hata hivyo tusiwapambe kupita kiasi. Pamba ya merikani ilichumwa na watumwa, na katiba ile ile ilimhesabu mtumwa kuwa sehemu tatu tu katika tano za mtu, wakati wa kugawa viti vya bunge. Utumwa haukufutwa mpaka mwaka 1865. Funzo ni hili: asiyeandikwa ndani ya mkataba hahifadhiwi na mkataba.

Turudi nyumbani. Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ilipata uhuru ikiwa na katiba iliyogawanya madaraka. Palikuwa na Seneti ya wajumbe 41. Palikuwa na mabaraza ya majimbo, na la Pwani liliongozwa na Ronald Ngala. Palikuwa na KANU serikalini na KADU upinzani. Oktoba ya mwaka huo Kenya na Zanzibar zilikuwa zimekubaliana kuhusu mwambao: Mahakama za Kadhi zingedumu na hati za ardhi zilizosajiliwa zingeheshimiwa. Waona hapo, ndugu? Mwenye hati alikumbukwa. Asiye na hati hakutajwa.

Kisha uvuaji ukaanza. Novemba 1964 KADU ilijivunja yenyewe. Na hapa sisi watu wa Pwani tusijitoe lawamani, maana mlinzi wetu ndiye aliyefungua mlango. Nchi ikawa Jamhuri mwezi uliofuata, tayari majimbo yameanza kunyang'anywa madaraka. Aprili 1966, Oginga Odinga na wenzake walipohamia KPU, katiba ilibadilishwa ili mbunge anayehama chama apoteze kiti. Mwaka huo huo serikali ikapewa uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kumshtaki, na Seneti ikafutwa. Maseneta walipewa viti katika bunge moja lililobaki, nao wakaliunga mkono kaburi lao wenyewe. Mwaka 1968 wagombea wa KPU katika uchaguzi wa mabaraza ya mitaa walikataliwa wote kwa madai kwamba fomu hazikujazwa sawasawa. Oktoba 1969 KPU ikapigwa marufuku. Miaka sita tu! Mwaka 1982 chama kimoja kikaandikwa katika sheria, na mpaka Desemba 1991 kuwa na chama kingine lilikuwa kosa.

Na ardhi je? Ardhi ya Mfalme iligeuka Ardhi ya Serikali, na uwezo wa kuigawa ukawekwa mkononi mwa Rais. Jina lilibadilika, mlango wa mwenye shamba haukubishwa. Mkoloni alituachia kabati, na warithi wake wakabaki na ufunguo.

Wapo watakaosema kwamba majimbo yalikuwa hatari kwa umoja wa taifa. Tuwajibu. Kugawanya madaraka si kufukuza majirani. Waliomwaga damu Likoni na sehemu za Kwale mwaka 1997 hawakutetea haki ya mtu wa pwani. Walimwachia majeneza, hoteli tupu na vijana magerezani. Aliyekunyima shamba hakuwa muuza mboga kutoka bara. Alikuwa mwenye kalamu, na kalamu hujibiwa kwa kura, kwa mahakama na kwa sauti ya wananchi waliokusanyika.

Tarehe 27 Agosti 2010 tuliivalisha Jamhuri upya. Seneti ilirudi, kaunti 47 zikaundwa, Rais akaondolewa uwezo wa kugawa ardhi ya umma apendavyo. Usidhani wavuaji wamelala. Mpango wa kuibadilisha katiba hiyo ulipoletwa, ni wananchi waliokwenda mahakamani, na tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba Rais hawezi kutumia njia ambayo katiba imewawekea wananchi.

Basi kazi ya mwana-mageuzi haikwisha. Katiba ipo kwa Kiswahili. Isomwe barazani, msikitini, kanisani na kwenye vikundi vya akina mama. Bunge la Kaunti likiita wananchi watoe maoni juu ya bajeti au ardhi, viti visibaki vitupu. Anayetaka kura yako muulize jambo moja kabla ya lingine lolote: ni madaraka gani yuko tayari kupunguziwa? Akijibu kwa kugawa fulana na vitenge, mkumbushe kwamba wazee wetu waliuziwa merikani na nchi ikachukuliwa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Tukung'ute nguo zetu mapema, kabla hatujavuliwa tena.