Gugu Karoti Halijui Mpaka wa Shamba



Liko gugu moja ambalo yakupasa kulijua kwa sura kabla mvua haijanyesha tena. Utaliona kando ya barabara ya Namanga, katika ploti tupu za Kitengela, na mahali popote ambapo udongo umefukuliwa au nyasi zimelishwa hadi zikaisha. Wataalamu huliita parthenium, nalo ni la jamaa moja na alizeti. Jirani zetu wa Tanzania, ambako lilionekana Arusha mwaka 2010, hulita gugu karoti, kwa sababu majani yake yamechanika-chanika kama ya karoti. Tulitumie jina hilo, maana kila mtu atalielewa.

Likiwa changa, majani yake hulala chini kwa duara. Kisha huinua shina lenye matawi mengi, likafika kifua cha mtu au kumpita, na juu yake hutoa maua madogo meupe. Wengine huyaona maua hayo kuwa mazuri wakaliacha likue. Hilo ni kosa kubwa.

Gugu hili si la Afrika. Kwao ni Amerika, kandokando ya Ghuba ya Mexico. Lilifika India katika miaka ya 1950, na husemwa kwamba lilichukuliwa ndani ya nafaka iliyotoka Marekani. Leo limeenea karibu nchi nzima ile. Ethiopia nako limeharibu mashamba na malisho. Hapa Kenya wataalamu wa kahawa waliliandika katika miaka ya 1980, na mwaka 2010 Serikali ililitangaza kuwa gugu baya kwa Sheria ya Kuzuia Magugu Mabaya, Sura ya 325.

Sasa tazama hesabu yake. Tangu kuota hadi kutoa maua huweza kuchukua wiki nne tu. Mmea mmoja mkubwa waweza kutoa mbegu 15,000 au zaidi. Basi ukiacha mimea kumi katika kona ya shamba, umeacha mbegu 150,000. Mbegu hizo ni ndogo sana, na zikifukiwa udongoni huweza kukaa miaka kadhaa zikingoja maji. Kwa hiyo yule asemaye, "Liache, kiangazi kitaliua," anasema nusu ya kweli. Kiangazi kitaua mmea, lakini mbegu zitabaki.

Hasara yake ni ya namna tatu. Kwanza, ng'ombe na mbuzi hawalipendi. Hula nyasi zilizo kando yake na kuliacha lenyewe, na hivyo mifugo yako mwenyewe hulisafishia njia. Tena lina sumu ambayo huzuia mimea mingine kuota vizuri karibu nalo. Pili, mnyama akilila kwa sababu ya njaa, maziwa yake huwa machungu na nyama huharibika ladha; akilila kwa wingi aweza kufa. Tatu, linadhuru watu. Wengi wanaoligusa mara kwa mara hupata mwasho na vidonda vya ngozi, na chavua yake huleta mafua na pumu.

Dawa ya kwanza ni mikono yako, lakini kwa wakati wake. Ling'oe pamoja na mzizi, udongo ukiwa na unyevu, kabla halijatoa maua. Usilifyeke kwa panga ukadhani umemaliza, kwa maana hutoa machipukizi mapya chini na kuchanua tena. Vaa nguo ya mikono mirefu, glavu, na kitambaa cha kufunika pua. Mtu mwenye pumu, na watoto, wasipewe kazi hii. Ukilikuta limekwisha toa maua, usilitupe kwenye mbolea wala kulikokota shambani. Likusanye mahali pamoja, likauke, ulichome moto kwa uangalifu. Ukitaka kutumia dawa ya kunyunyiza, muulize kwanza afisa wa kilimo ni dawa gani ifaayo na kwa kipimo gani.

Baada ya kung'oa, usiache udongo mtupu. Panda nyasi, na upumzishe malisho hadi zishike. Gugu karoti hupata taabu sana penye nyasi nene. Kadhalika, angalia kinachoingia shambani. Mbegu husafiri katika matope ya matairi, katika kwato, katika mchanga wa kujengea, na katika marobota ya nyasi kavu. Fungua robota moja ulichunguze kabla hujalipa lori zima.

Lakini yote hayo hayatatosha, nami nasema wazi kwa nini. Ardhi ya Kitengela, iliyokuwa ranchi moja ya jamii, ilianza kugawanywa mwaka 1988. Leo imekatwa vipande vingi, na wenye vipande vingi hawakai hapa. Ploti imezungushiwa waya, mwenyewe yuko Nairobi au mbali zaidi, hakuna mifugo wala jembe ndani yake. Ploti hiyo ndiyo kitalu cha gugu karoti. Mkulima atainama katika ekari zake mbili kutwa nzima, na mvua ijayo mbegu zitamjia tena kutoka upande wa pili wa ua. Kung'oa peke yako ni kama kuteka maji kwa pakacha.

Basi shauri langu ni hili. Kila kijiji na kila skimu ichague siku yake, wiki ya tatu baada ya mvua kuanza, mwezi wa Machi au Aprili na tena Oktoba au Novemba. Siku hiyo watu wote watoke pamoja, wang'oe katika mashamba, njiani, na kandokando ya mito. Warudie baada ya wiki tatu, kwa maana yatakayoota nyuma hayatakosa. Mambo hayo yazungumzwe katika baraza la chifu, na majina ya ploti zilizoachwa yaandikwe. Sheria inamtaka mwenye ardhi aondoe gugu lililotangazwa. Basi aandikiwe barua, na kama hafanyi, sheria ifuate mkondo wake. Wala wenye kutunza barabara wasisahauliwe. Si haki mkulima kuambiwa asafishe shamba huku ukingo wa barabara umejaa maua meupe.

Wengine husema tungoje wadudu. Ni kweli kwamba Australia na India waliachilia mbawakawa kutoka Mexico wanaokula majani yake, na Ethiopia nayo imefuata. Wanasaidia, lakini hata huko watu hawakuweka jembe chini.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Gugu karoti katika mashamba mengi ya Kajiado bado ni mwiba. Mvua ijayo ikianza, hesabu wiki tatu, umwite jirani yako, mwende pamoja.